Hesabu Matundu Kabla Hujalipa: Miaka Yangu na Land Rover Kuukuu, Nachingwea

Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu mwalimu mmoja kutoka Ruangwa. Hakuja kununua salfa, dawa ya mikorosho ninayouza. Alikuja na picha kwenye simu: Land Rover 110 ya kijani imesimama chini ya mkorosho, boneti juu, kuku wawili wamejilaza kivulini mwake.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayeyajua haya magari."

Nikaitikia, nikamuuliza amelinunua lini. Akasema lina siku tisa mkononi mwake. Nikamuuliza katika hizo tisa limetembea ngapi. Akatazama chini, akasema mbili.

Nikamvutia kiti. Tuliongea mpaka adhuhuri ikatupita, na alipoondoka nikaona mengi niliyomwambia ningependa kuambiwa mimi mwaka 2019, kabla sijatoa hela yangu.

Baba yangu alikuwa dereva wa serikali, na gari lake la kazi lilikuwa Land Rover 109. Sisi watoto tulilitambua kwa mlio likiwa bado mbali, tukakimbia kulipokea, na baba akitubeba nyuma mita chache hadi nyumbani. Harufu ya dizeli na vumbi kwangu ni harufu ya baba. Kwa hiyo nikikuambia nilinunua gari kwa ajili ya biashara, jua nakueleza nusu. Nina duka la pembejeo, na wateja wangu wengi wako vijiji vya njia ya Liwale. Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika kila mtu anataka salfa kwa wakati mmoja, na mfuko mmoja una kilo 25. Bodaboda inabeba miwili, mitatu ikijitahidi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mume wangu.

Hela zilitoka kwenye korosho za msimu wa 2018/2019, zile serikali ilizozinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa mpaka watu wakakata tamaa. Zilipoingia nilijiona nimeokota. Hela ya namna hiyo ni hatari, kwa sababu unaitumia kama zawadi wakati ni jasho lako. Nikapanda basi hadi Lindi mjini na milioni 13.

Gari nililikuta limeoshwa, limepigwa rangi, na chini chesisi yote imepakwa rangi nyeusi mpya. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu anajali gari lake. Mwenye gari akaniitia fundi wake alikague mbele yangu, nikaona ni ungwana. Fundi akawasha injini, akakanyaga mafuta, akasema, "Hii mama ni 300Tdi, haifi." 300Tdi ni aina ya injini ya dizeli ya Land Rover. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Gari lile lilikuwa limefanya kazi miaka kwenye mashamba ya chumvi pwani. Nililijua hilo baada ya miezi miwili, fundi wa kuchomelea pale Masasi alipochukua bisibisi akaichoma kwenye chesisi upande wa nyuma. Ikapenya kama kwenye muhogo uliooza. Alitoa vipande vya kutu akavipanga kwenye gazeti, nikavitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya mapafu yake. Kuchomelea kulinigharimu shilingi 1,150,000.

Hapo ndipo Land Rover inapowadanganya wengi. Bodi yake sehemu kubwa ni ya aluminiamu, haili kutu kama mabati ya magari mengine, kwa hiyo kwa nje inaweza kupendeza huku mifupa inaliwa. Chesisi ni chuma. Ukienda kununua, hasa gari lililoishi Lindi, Mikindani, Kilwa au popote penye upepo wa bahari, ingia chini na nyundo ndogo. Gonga polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinaitika kwa sauti ya boksi la karatasi. Ukikuta rangi mpya nyeusi chini, gonga mara mbili. Muuzaji akikukataza kugonga, mshukuru urudi nyumbani na hela zako. Na fundi wa kulikagua njoo naye mwenyewe, mlipe wewe, mlishe wewe, hata kama umemtoa mkoa mwingine kwa nauli yako.

Jingine nililolipuuza ni namba. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu. Futa tope, soma, linganisha na kadi ya gari. Halafu soma ya injini. Langu lilikuwa limebadilishwa injini na kadi haikujua. Kuhangaika kurekebisha hilo, pamoja na kubadilisha jina, nauli na kulala nyumba za wageni, nilitumia 490,000 na wiki tatu.

Lakini hayo ni mepesi. Kilichonifundisha ni safari ya Juni 2020.

Tuliondoka Nachingwea saa kumi na moja alfajiri, mimi na mpwa wangu aliyekuwa utingo wangu, na mifuko 30 ya salfa nyuma. Asubuhi ilikuwa ya ubaridi, barabara kavu, na mimi nimekaa kwenye usukani nikijisikia kama baba. Njia ile ina sehemu za kichanga na sehemu za udongo mweusi uliokauka na makorongo ya matairi ya malori, unapita kwa gia ya pili, unatikisika mpaka meno. Baada ya saa mbili hivi nikatazama mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kuliko siku zote. Nikamwambia mpwa wangu, "Leo gari limefurahi, halichemshi kabisa."

Kumbe maji yalikuwa yameisha. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umechanika mahali unapogusana na chuma, yakatoka yote bila sisi kuona, kwa vumbi lile. Na kile kidude kinachopima joto kimekaa ili kipime maji. Maji yasipokuwepo kinapima hewa, na mshale unashuka au unaganda pale pale wakati injini inaungua. Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mshale ukishuka bila sababu ni kilio kile kile cha mshale kupanda. Nimeuliza watu wengi tangu hapo, na madereva wa miaka 20 wengine hawalijui hili.

Gari lilianza kukosa nguvu. Nikadhani ni mzigo na kichanga. Nikaongeza mafuta. Harufu ya kitu kinachoungua ikaja, halafu mlio ukawa mkavu, halafu mvuke. Nikazima. Nikafungua boneti, na hapo nikafanya kosa lililoniumiza kuliko yote: tulikuwa na dumu la maji, nikamwambia kijana amimine. Maji ya baridi ndani ya chuma chenye moto wa namna ile. Tulisikia mlio mmoja mfupi, "tak." Mpwa wangu akanitazama. Nikajifanya sikusikia.

Ukichemsha gari, zima, fungua boneti, kaa mbali. Kunywa maji hayo wewe mwenyewe. Subiri saa nzima, hata zaidi, mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukitoa. Ndipo ufungue mfuniko kwa kitambaa na umimine kidogo kidogo.

Tulikaa pale siku mbili na nusu. Kijiji kilikuwa mwendo wa dakika 40 kwa miguu, na mama mmoja akatupa baraza lake. Nilimwambia nitalala kwenye gari kulinda mzigo. Akanicheka. "Mwanangu, tembo wamepita juzi, wamekula mahindi yangu yote. Salfa yako nani ataila?" Tukalala barazani. Alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu, na asubuhi ya pili akatuchemshia ming'oko. Nilipotaka kumlipa alikasirika, hivyo kila msimu nampelekea mfuko mmoja wa salfa kwa bei ya kununulia, na yeye kila mara ananiuliza kama gari bado ni gonjwa.

Siku ya tatu lori la ufuta likatuvuta kwa mnyororo, shilingi 350,000, bei ya mtu aliyeona huna njia nyingine. Kabla ya kuvutwa hakikisha ile gia ndogo ya pembeni iko huru, gia kubwa iko huru, na diflok, ile inayofunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja, imefunguliwa, la sivyo unaua gia boksi juu ya injini uliyokwisha kuiua. Na ujue kwamba injini ikiwa imezimwa breki inakuwa nzito kama jiwe. Mimi sikujua, na mara mbili nilikaribia kulibusu lori la watu.

Sasa kuhusu matundu.

Fundi wa kwanza, hapa hapa Nachingwea, alifungua hedi, kile kichwa cha juu cha injini, akasema gasketi inayokaa chini yake imeungua, leta nyingine. Nikapiga simu Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani, nikamwambia muuza spea, "Gasketi ya hedi, 300Tdi." Hakuuliza kitu, nami sikujua kwamba kuna la kuuliza. Ikaja na basi. Fundi akaifunga, akakaza nati kwa nguvu ya mkono wake na uzoefu wake, tukalipa jumla 620,000, gari likaunguruma. Baada ya wiki tatu likaanza kumeza maji, kisha kutoa moshi mweupe.

Nikalipeleka Masasi kwa mzee mmoja ambaye watu waliniambia ni mkali wa maneno. Alikuwa. Aliitoa ile gasketi, akaniuliza, "Ya zamani iko wapi?" Nikasema tuliitupa. Akakaa kimya kwa muda. Kisha akanionyesha kwenye ukingo wa gasketi matundu madogo, akaniambia gasketi hizi zina unene tofauti, na matundu yale ndiyo yanayokuambia ni unene gani. Unanunua yenye matundu sawa na iliyotoka kwenye injini yako, labda fundi awe amepima pistoni akaamua vingine. Ukikosea, injini ama inabanwa mno ama inakosa nguvu. "Na huyu aliyekaza kwa mkono," akasema, "aliwahi kumpima mtoto homa kwa macho?" Yeye alikuwa na spana yenye kipimo, na alikaza kwa mpangilio, kidogo kidogo, akianzia katikati.

Hedi ilikuwa na ufa. Ule "tak" wa porini. Hedi iliyotumika lakini nzima nikaipata kwa 1,600,000, na mengine yakafikisha jumla ya matengenezo yale 2,480,000. Rejeta ikasafishwa na kuwekwa matumbo mapya, 380,000, maana mzee alikataa kufunga hedi nzima na rejeta iliyojaa kutu. Matairi nayo yalikuwa vipara.

Nilikuwa na daftari. Miezi 14 ya kwanza nilitumia shilingi 6,870,000 juu ya bei ya kununulia, zaidi ya nusu ya gari lenyewe, mbali na dizeli. Mume wangu alipoona ile hesabu hakusema neno, akatoka nje, akazunguka gari mara moja, akarudi kula. Ningependelea anigombeze.

Lakini namba iliyoniuma zaidi kwenye daftari lile haikuwa ya hela. Nilikuwa naandika pia siku ambazo gari limesimama. Zilikuwa 97. Karibu nusu yake ziliangukia Juni, Julai na Agosti, wakati mkulima anapuliza. Salfa haingoji, ua la mkorosho likishambuliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe, wiki moja ni nyingi. Wateja wangu walikwenda kwa wengine, na si wote waliorudi. Hilo ndilo nililomwambia mwalimu kwa msisitizo: ukipiga hesabu ya gari kuukuu, usihesabu spea tu. Hesabu siku. Spea ya shilingi 15,000 iliyoko Dar es Salaam inakula siku tatu Nachingwea, na ikija siyo yenyewe inakula sita. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule upande wa Kilwa, mkanda wangu wa taimingi ulikuwa ndani ya basi lililokwama huko. Nilikaa nikiwapigia watu simu kama nimefiwa.

Kwa hiyo nilibadilisha mtindo. Siku hizi spea nanunua kabla hazijahitajika. Chini ya kaunta ya duka nina boksi: gasketi moja ya hedi yenye matundu yake sahihi, mipira yote ya maji, mkanda wa taimingi na beringi yake, pampu ya maji, sili za hab, filta, na vizibo vya shaba. Hivyo vizibo ni jambo dogo lenye maana: juu ya rejeta na juu ya nyumba ya thamostati kuna vizibo ambavyo vilitoka kiwandani vikiwa vya plastiki. Vikizeeka vinapasuka. Tafuta vya shaba. Na ukijaza maji baada ya matengenezo, fungua vyote viwili, jaza mpaka maji yatokee bila mapovu, la sivyo hewa inabaki ndani na unarudi kule kule kwangu porini. Nilifungiwa pia kengele inayolia maji yakipungua, 85,000. Ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye gari lile.

Mkanda wa taimingi nao usikubali kuambiwa "bado mzima" kwa maneno. Baadhi ya injini za 300Tdi za mwanzo zilikuwa na tabia ya kuula mkanda ubavuni. Chini ya mfuniko wa mbele kuna kizibo kidogo. Fungua, ingiza kidole. Ukikuta unga mweusi wa mpira, mkanda unaliwa. Mimi niliukuta. Mkanda huo ukikatika mwendoni valvu zinagongana na pistoni, na unaanza upya.

Mvua ikinyesha, linavuja. Sijawahi kulizuia. Abiria wa mbele ninampa kanga ya kufunika magoti, na wageni wanadhani ni heshima.

Sasa nisije nikaonekana nalitukana.

Kuna siku ekseli ya nyuma ilikatika ndani, natoka shamba na mifuko ya ufuta. Injini inanguruma, gia imeingia, gari halisogei. Miaka ya mwanzo ningekaa chini nilie. Safari hii nikafunga diflok, nguvu ikaenda magurudumu ya mbele, nikarudi nyumbani polepole kwa miguu miwili. Gari gani jingine linakuruhusu hivyo? (Ukifika kwenye lami ifungue, diflok ni ya tope na kichanga, kwenye lami inavunja vitu.)

Na masika ya 2024, barabara ya udongo mweusi imekuwa uji, Noah moja imezama mpaka mlangoni, abiria wamekaa ukingoni na viatu mkononi. Niliingiza gia ndogo, ya pili, mguu haukanyagi kitu, nikaacha injini itembee yenyewe. Tuliipita. Tukarudi tukaivuta. Dereva akataka kunilipa, nikamwambia anunue tu mnyororo wake.

Lakini furaha yenyewe kwangu ni Agosti moja, watoto wa ukoo walipotoka jandoni. Shangazi zao walilivisha gari kanga kuanzia boneti mpaka nyuma, taa tu ndizo zilizobaki nje. Watoto wamekaa nyuma wamepakwa mafuta, wamevaa nguo mpya, hawacheki kwa sababu wameambiwa wao sasa ni wakubwa. Ngoma zikapandishwa juu. Wanawake wakaingia, waliokosa nafasi wakashika mlango wa nyuma wakakimbia nalo. Nilikwenda kwa gia ya kwanza kilomita nzima, vigelegele vimenijaa masikioni, na mume wangu, yule wa kuzunguka gari mara moja akanyamaza, alikuwa amekaa juu ya tairi la spea mbele kwenye boneti akipunga mkono kama diwani.

Mtu wa watalii kutoka Arusha alishanipa ofa ya milioni 17. Sikuuza. Huenda nilikosea. Mwenye mshahara mmoja na watoto shule, sitamshauri hata kidogo anunue gari hili; anunue pikipiki ya magurudumu matatu alale usingizi. Mwalimu nilimwambia hivyo hivyo, akasema ameshanunua. Basi.

Tulifungua hedi ya gari lake Jumamosi, kule Ruangwa, mzee wa Masasi akiwa amekaa kwenye ndoo akitoa amri. Ufa haukuwepo. Gasketi ilikuwa imeungua upande mmoja. Mwalimu aliichukua ile ya zamani akataka kuitupa kwenye majani, na sisi wawili tukapiga kelele kwa pamoja.

Nimeagiza mpya. Leo alfajiri kondakta amenipigia kuniambia mzigo wa Ruangwa umefika, nije nilipie. Nimemwambia afungue boksi kwanza, asiikunje, atazame ukingoni.

"Nitazame nini, mama?"

"Matundu. Hesabu."

Nikamsikia akiwasha tochi ya simu, akiomba mtu amshikie boksi.

"Mawili."

Nimempigia mwalimu aje na spana.